Programu zilizoachwa zifunguliwe mapema

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma za kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo bado zinawaka, lakini zisipopata marekebisho ya usalama, kinga yake hupungua siku hadi siku. Mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11.

Kwa mfanyabiashara wa Itumba, wilayani Ileje, anayetunza hesabu za kahawa au mahindi kwenye kompyuta ya mtumba, hiyo ni hasara inayokuja wakati mashine bado nzima.

Mashine ya kusaga ikikosa kipuri, fundi huchonga kingine hata kama kiwanda kilishafungwa. Kwa programu za kompyuta hali ni tofauti. Msimbo chanzo, yaani maelekezo ambayo wataalamu huyaandika ili kuitengeneza programu, mara nyingi hubaki siri ya kampuni. Kampuni ikijitoa, fundi mwingine hana pa kuanzia.

Microsoft imewahi kufungua misimbo ya zamani, ila kwa kuchelewa mno. Ule wa MS-DOS 4.00, mfumo wa mwaka 1988, ulitolewa kwa umma Aprili 2024, yaani baada ya miaka 36. Wakati huo ulikuwa umebaki kuwa kitu cha makumbusho.

Ipo hoja kwamba msimbo ukifunguliwa mapema, wezi wa mtandaoni wataona udhaifu wake. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mafundi waaminifu nao wangeuona na kuuziba.

Faida ya msimbo ulio wazi tumeiona hapa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria.

Mkulima mmoja hana sauti mbele ya kampuni kubwa. Lakini chama cha ushirika kinapoagiza programu ya hesabu kwa mtengenezaji wa hapa nchini, kinaweza kuweka sharti kwenye mkataba: huduma ikikoma, msimbo ukabidhiwe kwa mnunuzi.

Kwa sasa, mwenye kompyuta ya zamani anakili kwanza hesabu zake kwenye flashi, kisha amwulize fundi kuhusu Linux, mfumo huria usiohitaji leseni ya kulipia.