Stelingi Hana Ng'ombe

Ndugu msomaji, ukitaka kuwagombanisha watu wazima wanaopendana, huna haja ya kuwatajia siasa wala mpira. Wewe wataje makoboi tu. Uliza stelingi gani alikuwa hodari kupita wote, kisha kaa pembeni usikilize. Ndivyo nilivyofanya hivi karibuni nikiwa katika safari ya kikazi mkoani Mara, nami nimerudi na maneno ambayo si haki kukaa nayo peke yangu.

Nilianzia Musoma mjini, jirani na mwalo wa Mwigobero, katika moja ya vile vibanda vya video ambavyo watu wamevipa jina la vibanda umiza. Jioni ile hapakuwa na mpira, kwa hiyo mwenye kibanda aliweka picha ya koboi, na mabishano yakaanza kabla farasi wa kwanza hajatokea. Fundi cherehani mmoja mwenye mvi alishikilia kwamba hajazaliwa wa kumshinda Django wa mwaka 1966, yule wa Franco Nero, aliyeingia mjini kwa miguu akiburuta jeneza katika tope, na ndani ya jeneza mna bunduki ya rashasha.

Kijana wa bodaboda akamjibu kwa adabu, lakini bila kurudi nyuma: "Mzee wangu, Django wako aligombea dhahabu. Django wetu wa mwaka 2012, huyu wa Jamie Foxx, alikuwa mtumwa, akaingia vitani kumkomboa mke wake. Mwenye sababu ni nani?"

"Hukuitazama vizuri, mwanangu," fundi akasema. "Wangu alikuwa na kaburi la mpenzi wake la kulilipizia. Tena katika hiyo picha yenu Franco Nero yumo, anakaa baa na kumuuliza Django wenu jina lake linaandikwaje. Mwalimu alikwenda kumkagua mwanafunzi!"

Kibanda kizima kilicheka. Nilipowaeleza kwamba picha nyingi za namna hiyo zilitengenezwa na Wataliano, na kwamba ile Marekani ya Clint Eastwood katika A Fistful of Dollars ya mwaka 1964 ilikuwa kweli ni ardhi ya Hispania, na kisa chenyewe kilitokana na picha ya Kijapani, fundi alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba ziwa lina chumvi. Mtoto mmoja wa shule aliyekuwa amejipenyeza mlangoni akatoa sheria yake: "Stelingi hafi." Nikamwambia kwamba katika The Shootist ya mwaka 1976 John Wayne anakufa. Akafikiri kidogo, kisha akaamua: "Basi huyo hakuwa stelingi."

Kesho yake nilishuka Bunda. Karibu na stendi, kwa mama lishe mmoja, nilimkuta mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba ambaye kwake yeye picha ni moja tu: High Noon ya mwaka 1952. Alitusimulia kisa chote huku ugali ukipoa. Askari mkuu wa mji mdogo, Will Kane, ambaye ni Gary Cooper, amefunga ndoa asubuhi ile ile. Habari inaletwa kwamba jambazi aliyewahi kumfunga anarudi kwa treni ya adhuhuri, na wenzake watatu wanamngoja stesheni. Kane anakwenda baa kuomba watu wa kumsaidia, anakwenda kanisani, anagonga milango ya marafiki. Hakuna anayetoka.

"Picha nzima haifiki saa moja na nusu," mstaafu alisema, "na muda wote unaiona saa ya ukutani inasogea. Mimi huwa naikasirikia ile kanisa kuliko ninavyowakasirikia majambazi. Huku kwetu yowe likipigwa, mtu hutoka hata kama yuko msalani."

Mama lishe, ambaye nilidhani hasikilizi, aliweka upawa chini. "Ninyi wanaume mnahesabu maadui wanne, lakini hamsemi wa tatu alipigwa na nani. Alipigwa na yule bibi harusi, Amy, ambaye dini yake inamkataza kushika bunduki. Alikwisha panda treni aondoke, akateremka. Mji mzima wenye wanaume umejificha, aliyetoka ni mke. Halafu mnaniambia stelingi ni Gary Cooper!"

Hapakuwa na wa kumjibu. Ila kijana mmoja aliyekuwa akingoja gari la kwenda Butiama alisema polepole, bila kucheka: "Wanaotoka kwenye yowe ni wa zamani. Siku hizi ni vikao tu." Tukasafiri pamoja, na njiani akanieleza. Anafanya kazi ya kibarua Mwanza. Ameitwa nyumbani kwa sababu maksai wanne wa babu yake wameibwa usiku, na msimu wa kulima umekaribia. Wizi wa mifugo, ndugu msomaji, si hadithi katika mkoa ule. Umekwisha kufukarisha familia nyingi na kumwaga damu za watu. Katika simu yake alikuwa na Unforgiven, ile ya Clint Eastwood ya mwaka 1992 iliyopata tuzo ya Oscar ya picha bora. Sehemu aliyoirudia mara nyingi ni ya mwisho, mzee Munny anapoingia baa peke yake na kumaliza kila kitu kwa dakika chache. Nilimuuliza kama anakumbuka mahali Munny yule yule anapomweleza mwenzake kijana jinsi kumuua mtu kunavyomnyang'anya yote aliyo nayo na yote ambayo angekuwa nayo. Alisema sehemu hiyo huwa anairuka.

Butiama wengi wetu tunaijua kwa ajili ya Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa pale mwaka 1922 na kuzikwa pale mwaka 1999. Babu wa kijana huyu anakaa mbele kidogo, kwenye miamba. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya habari za maksai kuelezwa kwa kituo, kijana alisema waziwazi lililomleta. Anawafahamu watu wanaotajwa. Akipata silaha na usiku mmoja, itakuwa kama katika picha.

Mzee hakumkaripia. Alisema kwamba picha hizo naye alizitazama zamani, lilipokuja gari la sinema na kutundikwa shuka jeupe. "Nilimpenda sana yule mtu wa farasi," alisema. "Lakini mjukuu wangu, nikuulize. Kwao ni wapi? Ana ng'ombe wangapi?"

Kijana alinyamaza.

"Hana hata ndama. Hana boma, hana mama, hana shangazi. Anakuja kwenye kijiji cha watu, anaua, watu wanashangilia, kisha anapanda farasi anakwenda zake. Kesho ndugu za waliouawa wakija kulipiza, watamkuta nani pale? Yeye hawatamkuta. Watatukuta sisi."

Ndugu msomaji, nimetazama picha za koboi tangu nikiwa mtoto, na nimesoma maandishi mengi ya wahakiki wenye majina makubwa, lakini sikumbuki kama niliwahi kukutana na uhakiki wa kushinda huo. Fikiria Shane ya mwaka 1953, ambayo wengi huililia machozi. Mtoto anamwita stelingi arudi, naye anatokomea milimani. Kila mara nilimtazama yule anayekwenda. Mzee wa Butiama anawatazama wanaobaki.

Swali lake la ng'ombe wangapi lilinifuata hadi ofisini, nikafungua vitabu. Jibu ni kwamba koboi wa kweli naye hakuwa na ng'ombe. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani kwisha mwaka 1865, alikuwa kibarua aliyeswaga makundi ya matajiri kutoka Texas hadi kwenye reli za Kansas, kwa mshahara wa dola 25 hadi 40 hivi kwa mwezi. Ufundi wake wa kamba na tandiko ulitoka kwa wachungaji wa Meksiko. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba koboi mmoja katika kila wanne alikuwa mtu mweusi, ingawa kwa miaka mingi sinema haikutuonyesha. Mwaka 1883 makoboi wa kaskazini mwa Texas waligoma wakidai dola 50 kwa mwezi. Walishindwa, na wengi wakafukuzwa. Tena seng'enge, iliyoanza kuenea baada ya mwaka 1874, ilifunga malisho ya wazi, na kazi yenyewe ikafifia. Nchi ile waliyoipita ilikuwa na wenyewe, ambao katika picha za zamani hutokea tu ili wapigwe risasi.

Picha za karibuni zimeanza kurekebisha hesabu hiyo. The Harder They Fall ya mwaka 2021, kwa mfano, imewapa wachezaji weusi majina ya watu weusi waliokuwako kweli, kama Nat Love, aliyekuwa koboi, na Bass Reeves, aliyekuwa askari. Kijana wa bodaboda aliisifu sana, na ana haki. Lakini hata humo risasi ndizo zinazoamua.

Sisemi tuache kuzitazama. Mimi mwenyewe nitazitazama Jumapili hii. Nasema tuzitazame pamoja na watoto wetu, na picha ikiisha tusizime haraka. Tuwaulize maswali ya mzee: kwao ni wapi, ana ng'ombe wangapi, na wanaobaki watafanyaje kesho. Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo akiwa na miaka kumi atakuwa na la kujiuliza mwenyewe siku atakapotamani silaha na usiku mmoja.

Nilipoondoka Butiama maksai walikuwa hawajapatikana. Majirani walikuwa wamefuata nyayo hadi kijiji cha pili, na wazee wa vijiji vyote viwili walikuwa wameitana kikao. Kijana alikuwa na uso wa mtu ambaye hajaridhika, na sikumlaumu. Lakini mzee aliposimama kwenda, alichukua kigoda cha babu yake, akamfuata nyuma.

Nawe, ndugu msomaji, stelingi wako ni nani? Tuandikie. Tukutane Jumapili ijayo.