Kanga Kwanza, Bunduki Baadaye

Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Kila aliyejaribu kumfuga ndege huyu anajua ya kuwa hawakukosea: umlete leo nyumbani pasipo matayarisho, kesho yuko juu ya mti wa jirani, na mayai yake ameyaficha kichakani usikokujua. Lakini twaona kwamba methali hiyo imewapa wengi udhuru. Badala ya kumfanya kanga awe mwenyeji, wamechagua njia ya mkato: kuokota mayai porini, kutega, kumwaga sumu shambani, na mwenye bunduki kufyatua wakati wowote apendapo.

Tuanze na sumu, kwa kuwa ndiyo mbaya kupita yote. Malalamiko ya mkulima ni ya haki. Kanga hufukua mbegu za mahindi na karanga. Lakini kanga huyo huyo hula wadudu na mbegu za magugu, na mtu aliyelowesha nafaka katika dawa ya wadudu hana uwezo wa kuchagua ni nani atakayeila. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, ilionekana katika miaka ya karibu na 2010 jinsi ndege walivyouawa kwa chambo chenye dawa, kisha nyama yao ikauzwa iliwe na watu. Hatuelewi ni moyo wa namna gani unaomwezesha mtu kumwuzia mfanyakazi mwenzake nyama ya namna hiyo, naye akaipike kwa ajili ya watoto. Mnunuzi akiletewa ndege wa porini asiye na alama ya kitanzi wala ya marisau, yampasa aulize alikufaje. Asipojibiwa vizuri, asinunue.

Njia iliyo bora ni kufuga, nayo haihitaji mtaji mkubwa. Mayai yapatikane kwa mfugaji, si porini, na kabla ya kuanza afisa wanyamapori wa wilaya aulizwe kibali gani kinatakiwa. Yaatamishwe na kuku mtulivu, kwa siku 26 hadi 28. Hapa wengi huharibu: huyachanganya na mayai ya kuku siku moja, vifaranga vya kuku huanguliwa siku ya 21, naye mama huondoka navyo na kuyaacha ya kanga yapoe. Vifaranga vya kanga ni dhaifu mno katika majuma mawili ya kwanza. Umande wa asubuhi waweza kuviua vyote. Viwekwe mahali pakavu penye joto, vipewe mchwa na unga wa dagaa pamoja na nafaka iliyopondwa, na chombo cha maji kiwe kifupi chenye kokoto ndani, visije vikazama. Wakikua wafungiwe kwa majuma kadhaa na kulishwa jioni mahali pale pale, ndipo watakapokubali kuwa hapo ni kwao. Dume na jike hufanana sana. Sikiliza sauti, kwa maana jike ndiye mwenye mlio wa vipande viwili.

Hata hivyo hatupendi mtu auze shamba ili ajenge mabanda. Ndugu zetu wa Kenya walikimbilia kufuga kware mnamo mwaka 2013 na 2014, kila mmoja akitumaini utajiri wa mayai, na soko lilipofurika bei ikaporomoka. Kanga afugwe kwanza kwa chungu cha nyumbani. Ziada ndiyo ya soko.

Sasa bunduki. Hatusemi kuwinda ni dhambi. Twasema mwenye kuwinda awe na leseni ya silaha na kibali cha kuwinda, kama zinavyotaka sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 na ile ya silaha ya mwaka 2015, tena awaache ndege wakati wa mvua wanapotaga na kulea. Kumwua mama ni kuua na vifaranga vilivyo majanini. Asifyatue kundi likiwa mbali kupita hatua 40, kwani atajeruhi wengi na kuokota wachache. Wala asimlenge ndege arukaye chini: marisau madogo huenda zaidi ya hatua 200, na mashamba yetu hayakosi mtu aliyeinama akipalilia. Risasi itolewe bundukini kabla ya kuvuka mtaro au ua, hata kama wenzake watamcheka.

Jambo la mwisho huwa halisemwi vijijini. Marisau mengi ni ya risasi, madini yenye sumu idhuruyo ubongo wa mtoto. Ndege huyameza wakidhani ni changarawe za firigisi, nasi twayala katika nyama. Marekani iliyakataza katika kuwinda ndege wa majini mwaka 1991, na Denmark ikayakataza mwaka 1996. Huko hutumia ya chuma na mengineyo. Mwenye bunduki kuukuu asitie ya chuma kabla ya kumwuliza fundi, maana mtutu waweza kuharibika. Na yule asiye na mengine, basi akate na kutupa nyama yote inayozunguka jeraha, wala asiwape mbwa, kwa kuwa sumu hiyo huwadhuru nao.