Shemeji Amekatwa Kodi

Safu yetu ya mapenzi na pochi mwezi huu inatua Mitundu, kule Singida, ukishaiacha reli pale Itigi na kushika njia ya kusini. Huko kuna dada mmoja, mwalimu, ameolewa na mwalimu mwenzake huu mwaka wa tatu, na ametuandikia barua ndefu ambayo nusu yake ni machozi. Jina tunalihifadhi kama alivyoomba.

Mdogo wake wa kiume yuko mwaka wa pili chuoni Dar. Wazazi wao hawapo tena, hivyo anayemsomesha ni yeye na mumewe. Bumu la Bodi ya Mikopo lipo, lakini si unajua tena maisha ya Dar, kwa hiyo kila mwezi walikuwa wanamtumia shilingi 60,000. Kijana akapata fildi ya miezi miwili kwenye kampuni moja, tena fildi ya kulipwa, 400,000 kwa mwezi. Nyumbani ikawa shangwe. Mume akasema sasa tupumue kidogo, tununue mabati.

Mwezi ukaisha. Ikaingia meseji: "Shem, mshahara umekatwa kodi, nimebaki na 280."

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mume akachukua kalamu, akaona 120,000 kati ya 400,000 ni asilimia 30. Akaitazama slipu yake mwenyewe. Yeye mwenye miaka minane kazini hakatwi kodi kiasi hicho, itakuwaje mtoto wa fildi ampite? Akahitimisha kwamba shemeji yake ni mwongo na hela anakula na wasichana wa mjini. Mke akamtetea ndugu yake. Maneno yakakua mpaka yakafika kwenye "nyie kwenu ndivyo mlivyo," na neno hilo likishatoka ndani ya nyumba huwa haliishi siku hiyo hiyo. Ile 60,000 ya kila mwezi ikasitishwa, na mume akahamia kulala sebuleni.

Dada anauliza mambo mawili. Je, kweli mwanafunzi anaweza kukatwa hivyo? Na kwa nini mumewe, anayemlea shemeji, hapunguziwi kodi, wakati binamu yake aliyeko Marekani humwandika mwanawe wa chuo kwenye fomu na kupata unafuu?

Nianze na la pili, ni jepesi. Ni kweli Marekani mzazi huweza kumhesabu mtoto anayesoma muda wote kuwa tegemezi wake, ilimradi hajafikisha miaka 24. Lakini wenzetu wana yao: mtoto huyo akienda kufanya fildi jimbo jingine, mara nyingi inabidi ajaze fomu ya jimbo hilo pia. Kwetu PAYE haikuulizi una watoto wangapi. Hata ukilea ukoo mzima, kinachotazamwa ni mshahara wako wewe. Jirani zetu Kenya wana punguzo la shilingi zao 2,400 kwa mwezi, nalo ni la kila mfanyakazi mkazi, awe na wategemezi au asiwe nao. Angalau sisi hatuna longolongo za majimbo. Kijana wa Mitundu akifanya kazi Dar, Mwanza au Mbeya, viwango ni vile vile.

Na viwango vyenyewe ndivyo vilivyomponza baba mwenye nyumba, maana aliujua ule wa 30 bila kujua unaanzia wapi. Mshahara wa mwezi usiozidi 270,000 haukatwi kitu. Zamani ilikuwa 170,000, ikapandishwa Julai 2020. Kinachozidi hapo hadi 520,000 hukatwa asilimia 8, ambayo hadi Juni 2021 ilikuwa 9. Hiyo 30 inagusa kile tu kinachozidi milioni moja. Kwa hiyo mwenye 400,000 anakatwa kwenye 130,000 peke yake, yaani 10,400. Bumu nalo halimo kwenye hesabu hii, ule ni mkopo, atalikumbuka akiajiriwa na Bodi ikaanza kuchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Kwa hiyo mume alikuwa sahihi kwamba 120,000 haiwezi kuwa kodi ya serikali. Tulimshauri dada asigombane na mtu, aombe slipu tu.

Slipu ikaja. Wasomaji, nilicheka peke yangu ofisini. Ilisomeka 400,000, kodi ya zuio 20,000, adivansi 100,000, mkononi 280,000. Kijana hakusema uongo hata kidogo. Alikatwa kodi mbili: ile ya TRA, na kodi ya chumba! Hosteli zilifungwa, akapanga Mbagala kwa 50,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akataka ya miezi miwili kwa mkupuo, akakopa kazini. Aliona aibu kumwomba tena shemeji yake.

Kosa lake ni kuandika kifupi. Kosa la mume ni kubwa zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu alifunga mkono kabla ya kuuliza.

Kuna jambo jingine kwenye ile slipu, na wengi wenu mnaoanza kazi kwa mkataba wa miezi michache lawahusu. Ile 20,000 ni asilimia 5, kodi ya zuio wanayokatwa watoa huduma kama washauri. Kijana anaingia saa mbili asubuhi na anatumwa na bosi kama mfanyakazi yeyote, hivyo mimi naona alistahili PAYE. Kwa miezi miwili angekatwa 20,800 badala ya 40,000. Aulize kwa adabu, wahasibu nao ni binadamu. Wakigoma, adai cheti cha kodi ya zuio kwa kila malipo. Anayekatwa PAYE tu na hana kipato kingine halazimiki kujaza ritani, lakini huyu itabidi aijaze ifikapo tarehe 30 Juni mwakani. TIN ni bure, kinachotakiwa ni namba ya NIDA. Mwaka mzima ameingiza 800,000, na kodi haianzi mpaka uvuke 3,240,000, hivyo ana haki ya kuomba arudishiwe 40,000 yake. Bila vyeti hana la kuonyesha.

Dada ametuandikia tena juzi. Slipu ya mwezi wa pili ilifika kwenye simu kabla hata hawajaiomba: mkononi 380,000. Mumewe aliisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza kama hicho chumba cha Mbagala kina dirisha.