Hakiuzwi, Hakiazimwi, Mchwa Wanakila

Wiki iliyopita, jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro, nilimkuta binti aliyeteremka na ndizi kutoka Kinole. Ndizi zilikwisha, pesa kazikunja kiganjani, anavutana bei na muuza vitabu vya mtumba. Baiolojia ya kidato cha pili, haina jalada, sura ya mzunguko wa damu imenyofolewa. Elfu nne! Binti anasomea nyumbani, anajiandaa na QT, mtihani wa maarifa. Nyuma yake mama wa karanga alikuwa akingoja zamu. Yeye anataka karatasi za kufungia, sura iwepo isiwepo.

Wapo watakaosema angekaa shuleni. Alikaa, bwana. Alipata mimba akaondolewa, kabla ya ile Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana kama yeye warudi darasani. Ruhusa ilipofika, mgongoni ana mtoto na migomba inamsubiri.

Muuza mtumba simlaumu. Bila yeye binti angetoka mikono mitupu. Ninayemlaumu ni kabati. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vinavyogawiwa shuleni vimeandikwa ni mali ya Serikali, haviuzwi. Vema, visiuzwe! Nani kasema visiazimwe? Nimeingia stoo ya shule moja milimani, jina nalihifadhi: maboksi yamepangwa hadi dirishani, mchwa wameshaanza la chini. Mwalimu akaniambia wakaguzi wakija wanauliza idadi. Idadi! Basi kitabu salama kuliko vyote nchini ni kile kisichoguswa na mtu. Kikiliwa na mchwa kimechakaa. Kikisomwa na binti wa Kinole, kimeibwa.

Najua jibu la ofisini: maktaba mtandao ya TET ipo, kusoma ni bure. Ni kweli, na waliobuni jambo hilo nawapa heko. Sasa njooni Tegetero, kule milimani, mpande juu ya jiwe kutafuta mtandao, simu imepasuka kioo, bando la mia tano, msome mchoro wa moyo kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa korona, kuanzia Machi 17 hadi mwisho wa Juni, kila nyumba iligeuka darasa. Mwenye televisheni alisoma. Mwenye jembe alipalilia. Hatukujifunza kitu?

Na msiniambie nchi maskini haiwezi. Mwaka 1973, tukiwa maskini kuliko leo, tuliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: redio, vijitabu, vikundi vya kusoma chini ya miembe, watu wapatao milioni mbili. Hakuna aliyeulizwa namba yake ya usajili wa shule.

Leo tuna bahati ambayo hatuioni. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na vitabu vya zamani vinaondoka darasani kidato baada ya kidato. Vinakwenda wapi? Moyo unasukuma damu kwa njia ileile, mtaala uwe wa zamani uwe mpya. Vipelekeni ofisi za vijiji, Matombo, Bunduki, Kinole, pamoja na daftari la kuazima na kalamu iliyofungwa kamba. Mtu akichelewesha, mtendaji anamjua, na kwa Waluguru anamjua hadi mjomba wake, ambaye ni wa kuogopwa kuliko mkaguzi yeyote.

Pale sokoni nami niliingilia bei, tukamaliza kwa elfu mbili na mia tano. Nilimuuliza binti atafanyaje na ile sura iliyonyofolewa. Akasema mdogo wake yuko sekondari ya kata, na kitabu hicho wanacho, ila hakitoki getini. Basi mdogo mtu anainakili kwa mkono saa ya mapumziko, kurasa mbili kila siku, na michoro pia. Wamefika kwenye mishipa ya ateri.