Theluji Isiyofika Chundwa: Lahaja na Istilahi za Michezo

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina haja ya istilahi za michezo ya theluji, kwa kuwa theluji haianguki Chundwa, kisiwani Pate. Dai hili lina kasoro. Mwaka 1998 Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, katika mbio za skii za kilomita 10 huko Nagano, Japani. Hata hivyo, kirai kimoja, "kuteleza kwenye theluji", kingali kinabebeshwa kila aina ya mbio hizo.

Historia ya mbio zenyewe ina funzo. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilishindana Uswisi mwaka 1922. Nchini Marekani, michuano ya kwanza ya kitaifa ya skii ya wanaume wa vyuo ilifanyika Nevada mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Denver kikaibuka bingwa; wanawake walijumuishwa mwaka 1983. Wanafunzi wale walishindania kushuka mlima, kuruka, mbio ndefu na slalomu. Neno hili la mwisho halikubuniwa na profesa yeyote. Lilitoka katika lahaja ya wanavijiji wa Telemark, Norwei, nao wanavyuo wakalipokea lilivyo.

Slalomu ni kushuka kwa kupindapinda baina ya vijiti. Nahodha anayekabili upepo naye hupindapinda, akigeuza tanga upande huu na huu, na kitendo hicho kina jina: kubisha. Basi slalomu na iitwe mbio za kubisha. Mpinzani atasema kuwa jahazi halishuki mlima. Ni kweli, lakini kifaru cha vita nacho hakina pembe, wala hakuna anayetatizika.

Jina la Chundwa, liandikwalo pia Tundwa, limehifadhi mwachano wa /t/ na /ch/ unaoitambulisha lahaja ya Kitikuu. Wanafunzi huukariri mwachano huo kwa ajili ya mtihani, kisha wakawasahau wazungumzaji. Mabaharia wazee wanapofariki, msamiati wao huzikwa pamoja nao. Vyama vya Kiswahili vyuoni havina budi kwenda kuukusanya sasa, ili lahaja ziwe chimbuko la istilahi, si mifano ya fonolojia tu.