Usitupe Ruta, Ihamishe

Mwandishi anayetushauri wakazi wa Singida tununue ruta mpya ili intaneti iende kasi anatuingiza gharama za bure. Angeuliza kwanza tumeziweka wapi hizi tulizonazo. Nyingi zimebanwa nyuma ya televisheni, sebuleni pembeni kabisa. Kisha mtu wa chumba cha uani, kuta tatu za tofali za kuchoma mbele yake, analalamika. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi lakini ukuta huyadhoofisha upesi, ya 2.4 hupenya zaidi, ila polepole. Ruta mpya itakutana na kuta zilezile.

Ihamisheni mliyo nayo, kisha vuteni waya. Kebo ya Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na sijui nyumba ngapi za Misuna hapa Singida zina urefu huo! Televisheni na kompyuta ya mezani zichomekwe, simu ziachiwe waifai.

Nakubali, ruta yenye matundu ya megabiti 100 haitavuka hapo. Lakini wewe uliyelipia kifurushi cha megabiti 20, hilo lakuhusu nini? Pima kasi kwa waya, kando ya ruta. Ukipata 4 badala ya 20, mpigie mtoa huduma kabla ya kukimbilia dukani.