Dredi Ndogo Bila Maumivu

Tanga mjini, Muheza hadi Pangani, akina mama na vijana wengi wanapenda dredi ndogo. Wapo wanaoziita uchafu. Sisi wauguzi hatukubaliani nao, kwani kichwa chenye dredi huoshwa kikatakata kama kingine. Tunachokiogopa ni kukazwa.

Dredi ndogo hushikwa na nywele chache shinani. Zikivutwa mara kwa mara, au zikifungwa kwa nguvu kisogoni, mashina huumia. Dalili zake ni maumivu, vipele, na nywele kunyonyoka kwenye paji la uso na juu ya masikio. Ukiacha kukaza mapema, nywele huota tena. Ukichelewa, ngozi hufanya kovu na nywele hazirudi. Basi anayekuambia uvumilie maumivu kwa ajili ya urembo anakupotosha.

Mwenye nywele nyembamba achague dredi nene kidogo. Kusokota mashina kungoje wiki 4 hadi 6. Osha kila baada ya wiki 1 au 2, suuza sabuni yote, kisha kausha kabisa kabla ya kulala au kufunga kitambaa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na dredi mbichi huvunda.

Mtoto mwenye mapunye asisukwe kwanza. Apelekwe zahanati, maana mapunye ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza. Ya kupaka peke yake haitoshi.

Msusi akikaza mno, mwambie hapo hapo alegeze. Msusi mwema hatachukia.